Barua imeletwa kwako, jina si lako: mwongozo kamili

Bahasha ya kwanza niliiweka juu ya friji. Ilikuwa nyeupe, yenye kidirisha cha nailoni, na ndani ya kidirisha lilisomeka jina la bwana mmoja nisiyemjua, chini yake anwani yangu bila kosa hata moja. Nikajisemea atakuja kuichukua. Hakuja. Ikafuata ya pili, ya tatu, na kufikia ya tisa ile ya kwanza ilikuwa imeshageuka rangi ya njano, nami naendelea kuzipanga pale juu kama mtu aliyepewa amana. Kisha Jumamosi moja asubuhi akabisha hodi kijana mwenye faili kwapani, akanitajia jina lile lile, akaniuliza nitalipa lini.

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilidhani kwa kuwa barua si yangu, hazinihusu. Barua si zangu kweli, lakini anwani ni yangu. Mtumaji hajui kwamba bahasha yake imelala juu ya friji. Anachojua ni kwamba haikurudi, na kwa hesabu zake barua isiyorudi imefika kwa mwenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Isome bahasha kabla hujaamua lolote

Anza na anwani, si jina. Kama namba ya nyumba au ya ghorofa si yako (14 badala ya 41, mlango wa juu badala ya wa chini), aliyekosea ni mleta barua. Mpelekee jirani au mrudishie mleta barua akipita kesho, na jambo limekwisha.

Kama anwani ni yako kabisa, waulize kwanza waliomo ndani. Watu wana majina mengi kuliko tunavyodhani: la ubatizo, la ndoa, la kwenye cheti cha shule ambalo hakuna anayelitumia nyumbani. Nimewahi kusikia mama mmoja aliyerudisha barua mara mbili, kumbe ni za baba mkwe wake aliyeishi naye miaka sita akimwita Babu tu.

Wote wakikana, muulize mwenye nyumba au majirani wa zamani kama jina hilo ni la aliyekaa hapo kabla yako. Jibu lao ndilo litakalokuonyesha njia. Barua za mpangaji wa zamani ni usumbufu. Barua za jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia ni jambo la kutiliwa shaka, na nitalirudia mbele.

Anayetumia sanduku la posta yuko hapo hapo. Namba ya S.L.P. iliyoachwa hupewa mtu mwingine, na barua za mwenye kwanza huendelea kuingia. Ukiwa umekodi sanduku na unakuta majina mageni, mweleze karani wa posta ana kwa ana.

Jambo moja linalowachanganya wengi: unakaa mwaka mzima kwa amani, halafu ghafla barua za aliyekutangulia zinaanza kumiminika. Hakuna muujiza. Posta za nchi nyingi zina huduma ya kupeleka barua kwenye anwani mpya ya aliyehama, na huduma hiyo ina mwisho. Marekani, kwa mfano, barua za kawaida huelekezwa upya kwa miezi 12. Muda ukiisha, kila mtumaji ambaye hakuarifiwa anwani mpya anaangukia kwako.

Hatua ya 2: Usiifungue

Najua kishawishi. Unajiambia unataka tu kujua nani kaandika ili umpigie simu. Acha. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 12, limeiweka barua ya mtu sambamba na nyumba na familia yake: haiingiliwi kiholela. Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano ya binafsi katika ibara ya 16, ya Kenya katika ibara ya 31. Sheria za adhabu ndizo zinazotofautiana. Marekani, anayechukua barua ya mwenzake kabla haijamfikia, kwa nia ya kuizuia au kuchungulia mambo yake, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Ujerumani kuifungua tu bila ruhusa kunatosha kukufikisha mahakamani, na kifungo ni hadi mwaka mmoja. Uingereza, kwa sheria ya huduma za posta ya mwaka 2000, kosa ni kufungua barua unayojua imekufikia kimakosa, bila sababu ya maana na kwa nia ya kumdhuru mtu.

Kuichana na kuitupa ni kosa katika nchi nyingi, na hata pasipo kosa hakukusaidii chochote. Itakuja nyingine.

Na ukiwa umeshaifungua kwa bahati mbaya, umechana rundo zima asubuhi bila kusoma majina? Usiendelee kusoma. Irudishe karatasi ndani, funga kwa gundi ya utepe, andika juu "Imefunguliwa kimakosa", kisha uende hatua inayofuata.

Kinachoruhusiwa kutupwa ni matangazo yasiyo na jina, yaliyoandikiwa "Mkazi" au "Mwenye nyumba". Hayo kisheria ni yako.

Hatua ya 3: Andika juu yake, na uandike vizuri

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chukua kalamu ya wino mzito. Piga mstari mmoja tu juu ya anwani, mwembamba, ili jina na anwani viendelee kusomeka. Usivifute kabisa. Mtumaji anahitaji kuona ni barua ya nani iliyorudi. Pembeni, kwa herufi kubwa, andika kwa lugha inayotumika posta ya mahali ulipo: HAISHI HAPA. IRUDISHWE KWA MTUMAJI. Kama ni mpangaji wa zamani unaweza kuandika AMEHAMA. Kama humjui kabisa, HAJULIKANI KWENYE ANWANI HII. Kama unajua kwa hakika kwamba amefariki, andika AMEFARIKI, kwani neno hilo moja humwondolea mjane au watoto wake barua nyingi baadaye.

Neno la kuepuka ni IMEKATALIWA. Linaonekana sawa na mengine, lakini maana yake posta na mahakamani ni tofauti kabisa: kwamba mwenye barua alikuwepo, akaiona, akaikataa. Hati ya mahakama iliyokataliwa na mhusika mara nyingi huhesabiwa kuwa imemfikia. Utakuwa umemwingiza mtu matatani na kuthibitisha kwamba anaishi kwako, yote kwa neno moja.

Sasa tazama sehemu ya chini ya bahasha, au juu kidogo ya jina. Katika nchi ambazo posta hupanga barua kwa mashine utaona safu ya mistari midogo iliyosimama, mingine mirefu mingine mifupi, kama meno ya kitana kilichovunjikavunjika. Hiyo ndiyo anwani yako kwa lugha ya mashine. Mashine haisomi mwandiko wako mzuri, inasoma mistari hiyo, na ikiikuta mizima itairudisha barua mlangoni kwako kesho kutwa kana kwamba hukuandika kitu. Ifunike kwa wino mweusi au bandika kipande cha karatasi juu yake. Mimi niliwahi kuirudisha bahasha moja mara tatu kabla mleta barua hajanionyesha jambo hili kwa kidole, akicheka.

Usiguse anwani ya mtumaji, iwe nyuma au kwenye kona ya juu. Hapo ndipo barua inapokwenda.

Kisha itumbukize kwenye sanduku la kutumia barua, mpe mleta barua, au ipeleke posta. Kwa kawaida hulipi stempu kwa barua ya posta ambayo haijafunguliwa na inarudi ilikotoka. Matangazo yaliyotumwa kwa bei ya jumla ni habari nyingine: posta nyingi haziyarudishi mpaka mtumaji awe amelipia, huishia kutupwa huko huko. Kwa hayo dawa ni kuwasiliana na mtumaji moja kwa moja.

Bahasha isiyo na anwani ya mtumaji? Irudishe vile vile. Posta kubwa zina ofisi maalumu za barua zisizo na pa kwenda. Ya Marekani iko Atlanta, ya Uingereza iko Belfast, na wafanyakazi wake wanaruhusiwa kisheria kufungua ili kutafuta anwani ya kurudishia. Wao wana ruhusa hiyo, wewe huna.

Ikitoka nje ya nchi usishangae ukiona imebandikwa karatasi ndogo ya Kifaransa. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, bado hutumia lugha hiyo, na kibandiko chake cha kurudisha, CN 15, kina visanduku vya sababu: "inconnu" ni hajulikani, "refusé" ni imekataliwa, "non réclamé" ni haikuchukuliwa. Mwombe karani aweke alama kwenye cha kwanza.

Hatua ya 4: Kataa kusaini

Barua ya rejesta au ya mahakama huja na mtu anayetaka saini. Ana haraka, injini ya pikipiki inanguruma, anakunyooshea kifaa chake na kukwambia "saini hapa tu". Usisaini. Saini yako ndiyo ushahidi kwamba barua imepokelewa kwenye anwani hiyo, na watakaosoma rekodi hiyo hawatajua kwamba ulisaini kwa kumwonea huruma kijana wa watu. Mwambie kwa upole: "Huyu haishi hapa, tafadhali andika hajulikani."

Mwonye na yeyote anayebaki nyumbani mchana, hasa mtoto mkubwa au msaidizi wa kazi. Wao ndio husaini zaidi.

Hatua ya 5: Weka kumbukumbu

Kabla ya kurudisha, piga picha ya bahasha mbele na nyuma. Mbele unapiga baada ya kuandika maneno yako, ili yaonekane. Picha za simu hubeba tarehe zenyewe. Kisha andika mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, jina, mtumaji kama anaonekana, na ulichofanya. Inachukua dakika moja, na siku ya kijana mwenye faili kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoongea badala yako.

Hatua ya 6: Zikizidi tatu, mtafute mtumaji

Barua ya kwanza na ya pili zirudishe tu. Zikifika tatu kutoka kwa mtumaji yule yule, kurudisha peke yake hakutoshi, kwa maana huenda mashine zake zinachapa barua bila mtu kuangalia zilizorudi. Tafuta namba au anwani ya barua pepe kwenye tovuti rasmi ya mtumaji, usitumie namba ngeni uliyoletewa na mtu.

Jiandae kwa mazungumzo haya ya kuchekesha. Utapiga, utasema barua ya fulani inakuja kwako, na mtu wa upande wa pili atakujibu kwamba hawezi kuzungumzia akaunti ya mteja na mtu mwingine. Yuko sahihi. Mjibu: "Siombi taarifa yoyote, nakupa taarifa." Kisha sema au andika hivi:

"Naishi kwenye anwani hii tangu tarehe fulani. Mtu mnayemwandikia haishi hapa, na sijui aliko. Naomba muiondoe anwani hii kwenye kumbukumbu zake na mnithibitishie kwa maandishi."

Usizidishe. Hawahitaji tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho chako wala akaunti yako ya benki. Wakiuliza "ili kuthibitisha", waambie wewe si mteja wao, hakuna cha kuthibitisha. Nimeshuhudia mtu akitoa vyote hivyo kwa moyo mweupe, na baadaye jina lake likaunganishwa na faili la mdaiwa.

Usijifanye mpelelezi pia. Hata kama unajua mpangaji wa zamani alihamia wapi, si kazi yako kumtangazia mkusanya madeni. Mpigie yeye mwenyewe, mwambie abadilishe anwani zake.

Barua za madeni na za mahakama

Deni humfuata mtu, halifuati nyumba. Watu wengi huogopa kwamba aliyekaa hapo awali ameichafua anwani na sasa watanyimwa mkopo. Kampuni za taarifa za mikopo humtambua mtu kwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba zake za utambulisho. Kulala kwenye chumba alichowahi kulala mdaiwa hakukufanyi mdaiwa.

Ila mkusanya madeni au dalali wa mahakama akifika mlangoni hana namna ya kujua kwamba wewe si yule anayemtafuta. Andaa bahasha moja nyumbani yenye nakala ya kitambulisho, mkataba wa pango unaoonyesha tarehe ulipoingia, na bili moja ya karibuni yenye jina lako. Mwonyeshe, usimwachie. Huna ulazima wa kumkaribisha ndani ili mzungumze, mlangoni panatosha. Andika jina lake na la ofisi yake. Yule wangu niliposhindwa kumwonyesha chochote zaidi ya rundo la bahasha za njano, alilipiga picha kwa furaha. Lilikuwa ushahidi mzuri sana, kwa upande wake.

Barua ya mahakama usiipumzishe hata siku moja. Irudishe siku hiyo hiyo, na ukiweza piga simu masjala ya mahakama iliyotajwa juu ya bahasha. Kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja kwa sababu tu mahakama iliamini wito ulifika.

Jina ambalo hakuna anayelijua

Hapa ndipo pa kuwa macho. Jina geni likianza kupokea barua za benki, kadi (utazihisi kwa kidole, kipande kigumu cha mstatili), barua za kodi au za mikopo, kuna uwezekano kwamba mtu anaitumia anwani yako kufungulia akaunti za uongo. Mara nyingi mpango wake ni kuja kuziokota kabla hujaziona, hivyo kisanduku cha barua kilicho nje na kisicho na kufuli ndicho anachokipenda. Tia kufuli. Toa barua kila siku.

Benki uipigie siku hiyo hiyo. Toa taarifa polisi na uchukue namba ya taarifa. Halafu ukague taarifa zako mwenyewe za mikopo, maana aliyeitumia anwani yako huenda ana na jina lako. Na ikija barua ya posta inayosema umeomba barua zako zipelekwe kwingine wakati hukuomba, iache kazi yote na uishughulikie hiyo kwanza. Mtu anahamisha barua zako.

Kuna aina nyingine: bahasha zinazoelekezwa kwa kampuni. Mtu amesajili kampuni na kuandika kwamba makao yake makuu ni sebuleni kwako. Huko Cardiff, Wales, mtu mmoja aliwahi kukuta anwani yake imetumika kwa usajili wa kodi wa kampuni za China zipatazo 11,000, na barua za kodi zikamjia kwa mamia. Uingereza msajili wa kampuni ana fomu kabisa ya kuondoa anwani iliyotumika bila idhini, RP07. Kwingine, nenda kwa msajili wa kampuni na mamlaka ya kodi ukiwa na uthibitisho wa makazi na picha za bahasha.

Vifurushi

Kifurushi kina tofauti mbili na barua. Kwanza, huenda hakikuletwa na posta kabisa bali na kampuni ya usafirishaji, na hiyo haina habari na sanduku la posta. Ipigie, itaje namba ya ufuatiliaji iliyo kwenye lebo, waje wakichukue. Usiende kukisafirisha kwa hela yako.

Pili, kuna imani kwamba ulichotumiwa bila kuagiza ni zawadi. Sheria hiyo ipo kweli Marekani na Uingereza, lakini inahusu bidhaa ulizotumiwa wewe. Kifurushi chenye jina la mwingine si chako.

Vifurushi vya vitu vya bei ndogo visivyo na maelezo mara nyingi ni ujanja wa wauzaji wa mtandaoni: wanatuma kitu chochote popote ili rekodi ionyeshe mauzo yamefanyika, kisha wanajiandikia sifa kwa jina la "mteja". Mwaka 2020 ilikuwa mbegu. Watu wa majimbo yote ya Marekani waliletewa pakiti za mbegu wasizoziagiza, na wizara ya kilimo ikawaonya wasizipande. Siku hizi kinakuwemo kikaratasi chenye msimbo wa QR, eti uuchanganue ujue nani kakutumia. Usiuchanganue, unaweza kuipeleka simu yako kwenye tovuti ya wezi.

Na kuna kifurushi cha thamani, simu au kompyuta, kikifuatiwa baada ya saa moja na mtu mlangoni: "Samahani, mzigo wangu umeletwa kwako kwa bahati mbaya." Huenda umelipiwa kwa kadi ya wizi na wewe ndiye umefanywa kituo. Mjibu kwamba umeshawaarifu wasafirishaji, amalizane nao. Mwenye mali halali atakasirika kidogo, kisha atapiga simu. Mwizi hatapiga.

Mwenyewe akija

Hutokea. Mpangaji wa zamani anabisha hodi, anauliza kama kuna barua zake. Kama ipo ambayo hujairudisha, mwombe kitambulisho, linganisha jina herufi kwa herufi, mpe, na uandike kwenye daftari. Usimpe rafiki yake, wala aliyekuwa mume wake, wala "mdogo wake aliyetumwa", hata awe mcheshi namna gani.

Bwana wangu wa bahasha za njano alikuja hatimaye, miezi minne baada ya mimi kuzirudisha zote. Nilimfungulia daftari mlangoni, nikamsomea tarehe na majina ya watumaji mmoja mmoja. Alitoa kalamu, akanakili manne kwenye kiganja cha mkono, akauliza kama ningeweza kumsaidia karatasi.